Kisomeo cha Ajuza na Mabamba ya Mjomba

Karakanani,
nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, tarehe 14, baada ya kufua.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie, u mzima? Goti linakunjika, au bado unashuka ngazi kwa upande kama kaa? Binti yako alinieleza kwamba ulikataa koti jipya kwa sababu mifuko yake haina kina cha kutosha kuweka rula. Nilicheka mpaka Mama akaja kuuliza nina nini. Na wajukuu je? Yule mdogo bado anakufichia viatu? Sisi huku wazima, na wasiwasi wote tulio nao tumeuelekeza kwako na hiyo baridi yenu.

Dada yako, yaani Mama, ana nguvu. Kikohozi kimemwachia, ila kusema hakujamwachia. Anakulaumu kwa kutoandika. Nilimkumbusha kwamba na sisi hatujaandika, akasema hilo ni jambo lingine.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: kwenye simu husikii, unaitikia tu "ndiyo, ndiyo," halafu unamuuliza binti yako nilikuwa nasema nini. Ya pili ni kwamba habari niliyo nayo ni ndefu, ina vipimo ndani yake, na inahusu yale mabamba kumi na mawili ya kiwanda cha sabuni. Najua hupendi yatajwe. Nakuomba usiikunje barua hapa. Nimesikia kwamba tangu ufike huko hujashika hata bisibisi, na kwamba bawaba ya mlango wa jikoni ilipong'oka ulimwita fundi wa watu, ukasema mkono wako hauaminiki tena. Barua hii inalihusu neno hilo, lakini itabidi unifuate kwa njia niliyopita mimi mwenyewe. Ulinifundisha nisimwamini mtu anayeanza na jibu.

Basi tuanze na Ajuza, mashine yako ya zamani. Bado amesimama palepale chini ya dirisha, rangi imembanduka mabegani, mota inanguruma vilevile. Mashine za kuchonga chuma nimeziona nyingi siku hizi, kama utakavyosikia, na sijaona yenye chuma kizito kama chake. Lakini kazi zimebadilika. Zamani mtu alileta gia iliyovunjika jino, unamtengenezea, anaondoka. Leo wanaleta michoro yenye matundu arobaini, kila tundu na umbali wake. Kuhesabu mizunguko ya mpini kichwani naweza, ilimradi dunia inyamaze. Hainyamazi. Nikifika mzunguko wa kumi na saba mtu anaingia: "Habari za kazi?" Nikimjibu, namba imenitoka. Nisipomjibu, nina kiburi. Nikaandika kwa chaki ubaoni: USINISALIMIE, NAHESABU. Sasa wanaingia, wanausoma ubao kwa sauti, kisha wanauliza nimefika ngapi.

Hapo ndipo nilipoanza kuulizauliza kuhusu visomeo. Enzi zako ulivisikia, ukasema ni vitu vya watu waliokimbia hesabu shuleni. Ni hivi: kipande kirefu mfano wa rula kinafungwa nyuma ya meza ya mashine, jicho dogo linatembea sambamba nacho, na waya unapeleka habari kwenye skrini. Skrini inakuonyesha kwa tarakimu za kuwaka meza imesogea kiasi gani. Huhesabu chochote. Mtu akikusalimia unaitikia, tena una nafasi ya kumuuliza watoto hawajambo.

Nilidhani kuchagua itakuwa kazi ya asubuhi moja. Imenila wiki sita, na sijutii hata siku moja. Kila nilipopata jibu, lilizaa maswali matatu.

Muuzaji wa kwanza ni bwana mmoja mwenye shati jeupe lisilowahi kukutana na grisi. Duka lake lina zulia, nikavua viatu kwa mazoea, akashangaa. Akanionyesha kisomeo kinachosoma hadi mikroni moja, yaani milimita ukiigawa vipande elfu. Nikamuuliza, kama meza yenyewe inacheza zaidi ya hapo, hiyo mikroni nitaifanyia nini? Akasema, "Mama, ni bora uwe nayo tu." Hilo kwangu si jibu. Ni sawa na kupima gunia la mkaa kwa mizani ya sonara. Nikamwambia nionyeshe cha mikroni tano, akakitoa chini kabisa ya kabati, kwa shingo upande.

Halafu nikagundua kwamba rula zenyewe ni za aina mbili. Kuna ya kioo, iliyochorwa mistari midogo ambayo jicho lako haliioni, imefungiwa ndani ya ganda la alumini lenye midomo ya mpira. Na kuna ya sumaku, utepe mwembamba unaobandikwa, wenye alama ambazo hakuna anayeziona ila hicho kijicho chenyewe. Ya kioo, nikajiuliza, maji ya kupozea yakipenya itakuwaje? Ya sumaku, je, haitavuta unga wa chuma kama sahani ya asali inavyoita siafu? Shati Jeupe alianza kunisomea karatasi. Nikamwomba kipande cha utepe, nikakileta hapa, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya unga wa chuma. Kilitoka kimeota ndevu. Nikakirudisha dukani hivyo hivyo, na ndevu zake. Bwana alishika kichwa, lakini alikipangusa kwa kitambaa, akakifunika kwa ule ukanda wake wa chuma cha pua, akakipitishia kijicho. Tarakimu hazikuruka hata moja. Hapo nikaanza kumheshimu kidogo.

Nilikwenda pia kwa Mama Gia, yule mchonga gia wa upande wa pili wa reli, unamkumbuka kwa sauti yake. Yeye ana ya kioo. Asubuhi inasoma vizuri, mchana tarakimu zinaanza kurukaruka, naye anaipiga kofi inatulia. Nikataka kuandika kwenye daftari langu kwamba kioo hakifai, ila nikainama kuangalia kwanza. Aliyemfungia aliigeuza midomo ya mpira ikaangalia juu, kwa hiyo maji yote yanamwagikia ndani. Kosa si la kioo. Nikamwambia, akamtukana aliyemfungia kwa dakika kumi, kisha akanikaribisha chai.

Nilichojifunza pale ni kwamba nilikuwa tayari kumhukumu mtu, yaani kitu, bila kuinama. Utaona kwa nini nalitaja.

Mwisho kabisa aliyeamua ni Ajuza mwenyewe. Nyuma ya meza yake pana nafasi ya vidole viwili tu kabla ya kugusa mwili wa mashine. Ganda la kioo likikaa pale, meza haitarudi nyuma hadi mwisho, tungepoteza upana ambao mwaka mzima tunauhitaji. Utepe wa sumaku unapita bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo sumaku, mikroni tano, pande mbili: meza kwenda kulia na kushoto, na meza kwenda mbele na nyuma. Wa kupanda na kushuka nikauacha kwanza.

Tatizo likabaki kwa kaka mkubwa. Unamjua mpwa wako huyo, akiamua kitu ameamua na viatu vyake. Alikuwa ameshaamua kwamba Ajuza auzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, na tutafute mashine nyingine iliyotumika kidogo. Alisema humfungii bibi kizee saa ya dijitali akawa msichana. Tulibishana wiki nzima mbele ya wateja. Tukakubaliana hivi: Shati Jeupe atutumie kisomeo na fundi wake kwa siku tano za majaribio. Kikionyesha Ajuza ni mzima, anabaki. Kikionyesha amekwisha, anaondoka.

Fundi alikuja Jumanne. Mtu mzima, mpole, ana jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kipajini, kwa hiyo hapa tunamwita Fundi Miwani. Anafanya kazi polepole mpaka unatamani kumsukuma. Lakini nilipomwona anatumia saa ya kupimia, ile yenye kisindano cha kugusa chuma, kuhakikisha utepe umelala sawa na meza, mwanzo, katikati na mwisho, hamu hiyo ikaniisha. Alipotoboa matundu mawili kwenye mgongo wa Ajuza, kaka alitoka nje. Anasema alitoka kuongea na simu. Simu yake ilikuwa mezani.

Kazi ilipokwisha, Fundi Miwani akasimama kwenye mpini wa kulia, kama watu wote wanavyosimama, akaipeleka meza kutoka mwanzo hadi mwisho, huku akilinganisha mistari ya mpini na tarakimu za skrini. Mwanzoni zilikubaliana. Katikati ya meza mpini ulisema mia mbili kamili, skrini ikasema mia moja tisini na tisa nukta nane. Alipofika mwisho zikapatana tena.

Akapandisha miwani. "Mama, skrubu ya huyu imekwisha hapa katikati."

Na kaka alikuwa amesimama mlangoni. Nikaenda upande wangu, kwenye mpini wa kushoto, nikaanza kutoka mwisho kuja mwanzo kama nilivyozoea. Mpini na skrini vikapatana safari nzima.

"Umesoma vibaya," nikamwambia.

"Nimesoma namba zinazowaka, Mama. Nitazisomaje vibaya?"

Akarudia yeye, ikakosea katikati. Nikarudia mimi, ikawa sawa. Akafuta mkono, akarudia, vilevile. Nikasema labda anauminya mpini. Akasema labda mimi nina dawa. Tulikuwa karibu kugombana watu wazima wawili, kila mmoja na ushahidi wake unawaka mbele ya macho.

Kaka akamaliza mambo. "Mashine inayotoa majibu mawili kwa swali moja inakwenda kwa chuma chakavu. Jumatatu."

Akaondoka. Fundi Miwani akataka kufungua vifaa vyake arudi zake. Nikaificha bisibisi yake mfukoni mwangu, sikuona njia nyingine. Nikamwambia nipe mpaka kesho, nataka kujua tu. Sikuwa hata nafikiria kumwokoa Ajuza wakati ule, Mjomba, nasema kweli. Nilitaka kujua inawezekanaje watu wawili wapishane kwa namna ile ile kila mara.

Tulikaa hapo, yeye kulia na mimi kushoto. Kila milimita kumi tukasimama, tukaandika. Kwenda na kurudi. Karatasi yenye miraba ilipojaa niliunganisha nukta. Mstari wangu ulilala sawa. Wa kwake ulibonyea katikati kama godoro la nyumba ya wageni. Tukaitazama karatasi, halafu yeye ndiye aliyeinama chini ya meza na tochi.

Kila jino la skrubu inayosukuma meza lina kuta mbili. Ukiisukuma meza kwenda upande huu, ukuta mmoja ndio unaobeba mzigo. Ukiisukuma kwenda upande ule, unabeba wa pili. Ulinifundisha hilo siku ya kwanza: chagua upande mmoja, uusogelee siku zote kutoka huko, ukipitiliza rudi mzunguko mzima uanze upya, wala usichanganye. Na kwa sababu mkono wangu ni huu ulionipa jina la Mashoto, ulinipa ruhusa nisimame kwenye mpini wa kushoto na kuchagua upande wangu. Umeona sasa? Miaka arobaini, kila aliyesimama kwa Ajuza alisimama kulia. Ukuta wao umelika, na umelika zaidi katikati, mahali jiriwa, ile ya kubania kazi, inapokaa kila siku ya Mungu. Ukuta wa pili karibu nimeutumia peke yangu. Bado mzima.

Na kazi ndogo za kwenye jiriwa hazikuonyesha chochote, maana zinaanza na kuishia palepale palipolika. Unachokosea mwanzo unakikosea na mwisho, tofauti haionekani. Inayonaswa ni kazi ndefu tu, inayotoka ukingoni mwa meza na kuvuka katikati.

Mjomba, nadhani umeshanitangulia. Huwa hivyo kwako.

Bamba refu, matundu matano kwa mstari mmoja. Kumi na mawili ya namna hiyo uliyachonga miaka minne iliyopita, na msimamizi wa kiwanda cha sabuni akayarudisha kwenye mkokoteni, akayashusha hapo mlangoni moja baada ya lingine kwa kelele. Kaka akasema uchonge la kumi na tatu tukiwa tumesimama nyuma yako. Ulichonga. Hukuharakisha, hukusema neno. Likakosea tundu la katikati, palepale. Kisha nikaambiwa nichonge mimi la kumi na nne. Nikaenda upande wangu, nikachonga, likakaa kwenye mashine ya sabuni kama limezaliwa nayo. Na mimi, mbele ya msimamizi, mbele ya kaka, mbele ya fundi wa kuchomelea, nikakuwekea mkono begani nikasema, "Mjomba, pumzika sasa. Mkono umechoka."

Nilidhani nilikuwa nasema kwa upole. Ulinawa mikono, ukaikausha kidole kimoja kimoja, ukaenda nyumbani. Baada ya miezi miwili ukasafiri kwa binti yako, na sisi tukasema umekwenda kupumzika.

Lile bamba langu ndilo lililokuhukumu, na halikuwa sawa kwa sababu ya ufundi wangu. Lilikuwa sawa kwa sababu mimi ni mashoto.

Sikutaka nijidanganye kwa kuwa nalitamani liwe hivyo. Nikakumbuka kwamba bamba moja katika yale yako lilibaki, fundi wa kuchomelea alilitia chini ya mguu wa benchi lake lisiyumbe. Nikamwinua na benchi lake na kazi yake, akafoka, nikalitoa. Nikalisugua kutu. Nikalifunga kwenye meza ya Ajuza, nikapima matundu yako matano kwa skrini. La kwanza, sawa. La pili, limepungua kidogo. La tatu, la katikati, limepungua sehemu mbili za kumi za milimita. La nne, kidogo. La tano, sawa. Nikaliweka karibu na ile karatasi ya Fundi Miwani. Namba zile zile, Mjomba. Kila mpini ulipokuagiza uende, ulikwenda, hukukosa hata nusu ya mstari. Kutoka tundu hadi tundu mkono wako haukukosea mahali popote.

Nililia, sifichi. Fundi Miwani hakujua nalilia nini, akanipa kitambaa chake cha kupangusia lenzi.

Nikampigia kaka arudi. Nikamwonyesha karatasi, nikamwonyesha bamba, sikumweleza kitu. Akavua saa yake ya mkononi, akashika mpini wa kulia akapima mwenyewe. Akaenda kushoto akapima. Akarudi kulia. Alifanya hivyo mara sita, nilihesabu. Halafu akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, akiwa ametupa mgongo.

"Hatumuuzi," akasema. Kisha baadaye, "Mjomba tutamwambia nini?"

Nikamwambia tutamwambia vilivyo. Ndiyo maana unaisoma barua hii.

Kisomeo tumekichukua. Hicho hicho cha sumaku, mikroni tano, pande mbili. Na skrubu tumeiacha na kulika kwake, maana kisomeo hakijali skrubu inasema nini. Kinaitazama meza yenyewe, ilipo ndipo ilipo. Ukisimama kulia, ukisimama kushoto, jibu ni moja. Kaka sasa anaipenda skrini mpaka anatia aibu, anaipangusa kwa shati lake. Shati Jeupe bado ananipigia kuhusu ile ya mikroni moja.

Nina maswali, na nataka unijibu kwa kalamu, siyo ndiyo-ndiyo. Kwanza, upande wa tatu, wa kupanda na kushuka: unaona kuna haja, au tuendelee na saa ya kupimia? Mimi nayumba. Pili, yale makufuli ya nyuma yanayoizuia meza isisogee, tukiyakaza, skrini inaonyesha meza inajisogeza kidogo sana inapobanwa. Je, enzi zako ulilijua hilo? Ulikuwa unalifidia vipi? Maana kazi zako za zamani zilizobaki hapa nimezipima zote wiki hii, siwezi kujizuia, na hakuna hata moja yenye kosa hilo. Ulifanya kitu kwa mkono ambacho hukumfundisha mtu yeyote, na mimi nataka kukijua.

Na la tatu. Siku ile ulipochonga la kumi na tatu, likakosea, na ukanyamaza: uliamini kwamba ni wewe? Au ulishuku Ajuza, ukaona hatutakusikiliza? Usiponijibu hili nitaelewa. Ila linanisumbua kuliko mengine yote.

Sikuandikii ili urudi, goti lako na baridi yenu ni mambo ya binti yako kuamua. Ukinikasirikia una haki, na kasirika vizuri, usinihurumie kwa kuwa ni mtoto wa dada yako. Lakini mkono wako ni mzima, Mjomba. Ulikuwa mzima siku ile. Nilisema uongo nikiwa na yakini, na ulikwenda nao mbali namna hiyo.

Tulikusema mbele ya watu. Kwa hiyo barua hii niliyoianza Jumapili, jana nilipofika hapa sikuifunga. Nilimwita msimamizi wa kiwanda cha sabuni, akaja na baiskeli yake, nikamwita fundi wa kuchomelea, kaka akazima mota zote, na nikaisoma kwa sauti kutoka mwanzo, pamoja na ya goti na ya koti. Nilipofika kwenye namba za yale matundu matano, msimamizi aliomba aone bamba kwa macho yake, akalishika kwa mikono miwili. Nikawaambia asiyekubali aseme sasa. Wamekubali wote. Wameomba waandike chini yangu.

Nisalimie binti yako na mumewe, na wajukuu wote, hasa mficha viatu. Mama anakusalimia na lawama zake zote. Mama Gia anasalimia kwa sauti ambayo karibu uisikie huko bila simu. Fundi Miwani, ambaye hujawahi kumwona, anasema angependa kukupa mkono.

Mwenyezi Mungu akupe joto nyumbani na usingizi mzuri, aniwekee wewe miaka mingi, na aibariki mikono yako yote miwili.

Ni mimi mpwa wako, niliyekukosea na ninayekupenda bila kupunguza,

Mashoto

Nilikuwepo siku ile. Nimesikia na nimeona. Benchi langu sasa linayumba, lakini si kitu.
Fundi wa kuchomelea

Mabamba niliyarudisha mimi, na kwa kelele. Naomba radhi, Mzee wangu.
Msimamizi, kiwanda cha sabuni

Mjomba, nimepima mwenyewe mara sita. Haukuwa mkono wako. Nisamehe.
Mpwa wako mkubwa